Hilari na Daraja la Gogo Moja

Mimi ni mwepesi wa hasira, na wote waliofanya kazi nami katika ghala la pamba pale Ifakara watakwambia hivyo kabla hujawauliza. Basi nikikaa kuandika habari za Hilari mchonga mitumbwi, mtu asidhani namsifu kwa sababu tulikuwa marafiki. Kwa mwaka mzima na zaidi hatukupatana hata kidogo. Namsifu kwa sababu nilikuwapo, na kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Hilari alikuwa Mndamba wa kandokando ya mto, karibu na pale pantoni inapovushia watu kwenda upande wa Ulanga. Mfupi, mpana wa mabega, na vibanzi vya mti havikumtoka kichwani hata siku ya Pasaka. Alichonga mtumbwi kwa gogo moja, kwa shoka na tezo, na sikuwahi kumwona ameshika rula. Treni hakuwahi kuiona. Reli iliyokuwa karibu nasi ilikuwa Kilosa, naye mwisho wa safari zake ulikuwa Kiberege, tena alikwenda mara moja tu kumzika shangazi yake.

Treni ililetwa Ifakara na Bwana Fulgensi, mwaka hamsini na nne, ndani ya sanduku la mbao. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja katika karakana ya reli huko Morogoro, na Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia kichwa cha treni cha kuchezea, chenye springi tumboni na ufunguo wa kuikaza ubavuni, pamoja na mabehewa mawili. Alilifungua sanduku juu ya meza yangu ghalani. Watu wazima wanne, wenye wake na watoto, tukapiga magoti kwenye sakafu ya saruji kuangalia kitu kile kikikimbia na kujigonga ukutani. Tulicheka mpaka mnyapara akaja kuuliza kulikoni, naye akapiga magoti.

Siku zile maneno ya reli kuletwa bondeni yalikuwa hayaishi. Kila kiangazi alitokea mtu wa kuapa kwamba amewaona wapimaji njiani. Sisi tukasema, wakichelewa tutaanza wenyewe. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Chama cha Reli Ndogo, Fulgensi mwenyekiti, na mimi Dionisi, karani wa ghala, katibu. Reli tulizitengeneza kwa mikanda ya chuma ya kufungia marobota ya pamba. Vipande vilivyokatika vilikuwa vinatupwa, nikaomba ruhusa, nikapewa. Tulikata mataruma ya mbao ya kulalia reli, tukayachanja kwa msumeno, tukausimamisha ule mkanda ndani ya mchanjo, inchi moja na robo kutoka reli hadi reli.

Uzuri wa chama chetu ulikuwa katika sheria yake. Hakuna aliyekuwa na chumba cha kuweka reli nzima, kwa hiyo kila mwanachama alijenga kipande chake nyumbani, juu ya meza ya mbao: urefu futi nne, upana futi moja na nusu, miguu ya futi mbili na nusu. Reli iingie katikati ya ukingo wa huku na itoke katikati ya ukingo wa kule. Katikati hapo jenga utakavyo. Fulgensi alijenga stesheni ya Kilosa. Kelestini wa Kiberege alijenga soko la kwao, na magunia ya mchele ya kitambaa makubwa kama kidole gumba. Mwalimu Donati, mwenyeji wa ng'ambo, alijenga milima ya Ulanga kwa udongo wa kichuguu. Mimi nilijenga ghala langu, na sioni aibu kusema lilikuwa zuri. Wengine walijenga mashamba na vijiji, vikafika vipande tisa. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya Misa, tulivileta vipande kwa baiskeli na kwa kichwa, tukavipanga ghalani mkia kwa kichwa, tukavifunga kwa kulabu za waya, na reli ikawa moja.

Treni ilikwenda. Kutoka mwisho wa ndani wa ghala hadi Kilosa, iliyokuwa mlangoni, ilikimbia vizuri ajabu. Kurudi ndiko kulikokuwa na mambo: ilikoroma, ikapunguza, ikasimama sokoni Kiberege, nasi tukaisukuma kwa kidole. Fulgensi alisema springi huchoka, na kwamba hata treni kubwa hurudi polepole. Tukamwamini. Mtu amekaa reli miaka kumi na mmoja, utambishia nini?

Hilari alikuja Jumapili moja ya mwaka hamsini na sita. Alichuchumaa kando ya meza, akaangalia magurudumu saa mbili nzima bila neno. Mwisho akauliza, "Reli yenu inaishia wapi?"

"Ukingoni mwa mto," nikamjibu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hakuna daraja."

"Nitalileta," akasema, akaondoka.

Baada ya miezi mitatu tukasikia watu wanahema nje. Wanaume wanne walikuwa wamebeba mabegani, kwa miti, gogo la mvule. Hilari hakuwa amepiga meza kama sisi. Alilichimba gogo zima kama achimbavyo mtumbwi, akalitia miguu ya urefu wa sheria, akaacha kingo mbili huku na huku, na katikati bonde la mto. Juu ya bonde alikuwa amepitisha daraja la mianzi lenye nguzo saba, na nguzo zote alizichonga humohumo katika gogo, hazikupachikwa. Kulikuwa na kiboko mdogo amelala kwenye majani. Kulikuwa na mtego wa samaki ambao ungeingia katika kiganja cha mtoto, umesukwa kweli, na mlango wake.

Leo nasema kwamba sijaona kazi ya mkono iliyo nzuri kuliko ile. Siku ile nilisema, "Hiki ni kihori cha kulishia nguruwe." Watu wakacheka, nami nikavimba kichwa, nikatoa futi yangu. Kipande kilizidi vidole vitatu. Alikuwa amepima kwa mkono wake, na mkono wake ulikuwa mrefu. Nikamwambia akirudishe. Akakirudisha, wale wanaume wanne wakihema tena, na mwezi uliofuata akakileta kikiwa futi nne kamili, bila kunung'unika.

Safari ile reli zilikutana sawasawa. Nikadhani tumemaliza. Hilari akatoka, akarudi na ndoo mbili za maji, akayamwaga ndani ya gogo.

"Unafanya nini?" nikapiga kelele.

"Naweka mto."

Maji yakajaa, yakaelemea upande wa mlangoni, yakamwagika juu ya soko la Kiberege. Magunia ya Kelestini yakalowa, Kelestini akashika kichwa. Hilari aliyatazama maji yale, hakutazama kitu kingine. Kisha akachukua kabari mbili za mti, akazipigilia chini ya miguu ya upande wa mlangoni mpaka maji yakatulia sawa kwenye kingo zote mbili. Sasa mto ulikuwa mzuri, ila reli ya daraja ilikuwa juu ya reli ya Kelestini kwa nusu inchi nzima. Tulijaribu treni. Ilifika pale ikaanguka kifudifudi.

"Toa kabari," nikamwambia.

"Nikizitoa maji yatamwagika."

"Basi toa maji. Paka rangi ya buluu kama watu wenye akili."

"Karani, mto bila maji ni shimo."

"Miguu yetu yote ni futi mbili na nusu! Vipande tisa vinakubaliana, cha kwako peke yake kimepinda, na bado unabisha?"

"Hakijapinda," akasema kwa upole ule uliokuwa ukinichoma kuliko matusi. "Tazama maji."

Sikutazama maji. Nilimtazama yeye, nikamwambia kama katibu kwamba kipande kimekataliwa, na reli itaishia ukingoni kama zamani. Fulgensi aliangalia viatu vyake. Wale wanaume wanne wakabeba tena.

Wiki iliyofuata mke wa Hilari, Apolonia, aliningoja nje ya kanisa. Alikuwa binti wa Mpogoro wa milimani huko ng'ambo, Mzee Theodori, na kila mtu Ifakara alijua alivyosema mzee huyo wakati wa posa: kwamba binti yake anakwenda kuolewa na mtu wa kushinda majini kama kiboko. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita, na mzee hajawahi kutia mguu nyumbani kwa Hilari.

"Shikamoo, Baba Karani," akasema Apolonia.

"Marahaba."

"Baba anakuja kwenye maonyesho ya kilimo mwezi wa nane. Hilari alimpelekea salamu kwamba treni itavuka mto kwenda upande wa kwao, na daraja amelijenga yeye. Baba akasema, nitakuja nione. Sasa mkilikataa, mume wangu atakuwa mwongo mbele ya mkwe wake. Baba hatakuja mara ya pili."

Ningeweza kusema neno moja la wema. Nikasema, "Sheria ni sheria, mama," nikapanda baiskeli. Mpaka leo nikilikumbuka hilo najionea haya.

Maonyesho ya mwaka hamsini na saba yalifanyika kwenye uwanja wa majani nje ya mji. Watu walitoka Kiberege, Chita, hata Masagati, na ng'ambo ya mto walikuja kwa pantoni tangu alfajiri. Kulikuwa na mahindi, mpunga, mbuzi, na banda letu. Tulipanga vipande tisa kama siku zote, futi mbili na nusu kila mguu. Fulgensi akakaza ufunguo, akaiachia treni mbele ya watu wasiopungua mia.

Ilikwenda vipande viwili, ikaanguka. Tukaiinua, ikaanguka tena. Reli zilikuwa zimeachana kila mahali, hapa juu, pale chini, na kulabu zimevutika. Tulisukuma meza, tukaweka mawe, likitengenea moja linaharibika jingine. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba kama reli yenyewe ndiyo hii, yeye atabaki na miguu yake. Kicheko kikapita uwanja mzima. Nilitamani ardhi inimeze.

"Wewe ndiye mtu wa reli," nikamfokea Fulgensi. "Huko Morogoro mlikuwa mnafanyaje?"

Fulgensi akajifuta jasho. "Dionisi," akasema polepole, "mimi nilikuwa napaka rangi mabehewa."

Miaka mitatu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Hapo ndipo nilipoona kwamba sehemu ya watazamaji wetu wamehamia ukingoni mwa uwanja. Nikaenda. Gogo la Hilari lilikuwa limesimama pale peke yake juu ya miguu yake, limejaa maji, na mtumbwi mdogo unaelea. Alikuwa amelileta bila ruhusa ya mtu, na halikuunganishwa na kitu: daraja lisilotoka popote wala kwenda popote. Watu walikuwa wanauliza treni iko wapi. Upande mmoja alisimama mzee mrefu mwenye kanzu na fimbo, uso umekaza. Upande wa pili alisimama Hilari, macho chini. Kwetu mtu hasimami uso kwa uso na baba mkwe akajieleza. Likiwapo neno, hulisema mtu mwingine. Kwa hiyo Hilari alikuwa amesimama pale na uongo wake, kama mzee alivyouona, bila njia hata ya kujitetea.

Fulgensi alinitangulia. Yule mwenyekiti wetu hakuwa fundi wa reli, lakini hakuwa na kiburi, na hilo nalo ni ufundi. "Hilari," akasema, "tumeshindwa. Tusaidie."

Hilari alikuja, akaziangalia meza zetu. Akachuchumaa, akaangalia tena. Kisha akaniuliza mimi, bila kejeli, kama mtu anayeuliza njia: "Karani, siku mnapoosha ghala, maji huwa yanakwenda wapi?"

"Yanatoka mlangoni," nikasema.

Kila Jumamosi kwa miaka minane nilisimama mlangoni pale nikiyaangalia maji yakitoka yenyewe bila kufagiwa, kwa sababu sakafu ilimwagwa na mteremko kwa ajili hiyo. Tulikuwa tumejenga reli nzima juu ya mteremko. Ndiyo maana treni ilikimbia kwenda mlangoni na kukoroma ikirudi. Springi haikuchoka hata siku moja. Ghalani vipande tisa vilikubaliana kwa sababu vyote vililala pamoja, na kimoja kilichosimama wima mimi nilisema kimepinda; uwanjani kila kimoja kililala kivyake.

"Tufanye nini?" nikamuuliza.

"Tuanzie mtoni," akasema.

Hakulisogeza gogo lake. Meza zetu ndizo zilizohamishwa, moja baada ya moja, zikaja kukaa pembeni yake. Aliagiza mwanzi mrefu, akaupasua katikati, akayaacha mafundo ya mwisho yawe kuta, akaujaza maji. Aliulaza ule mwanzi kutoka ukingo wa daraja lake hadi juu ya meza iliyofuata, akapiga kabari chini ya mguu huu, akachimbua udongo chini ya ule, mpaka maji ndani ya mwanzi yakakaa sawa mwanzo hadi mwisho. Halafu meza ya pili, halafu ya tatu. Hivi ndivyo alivyokuwa akipima mitumbwi yake, akaniambia baadaye: huweka maji ndani, na maji humwonyesha upande ulio mnene. Mimi nilikuwa nashika kabari. Alisema "kidogo," nikapiga kidogo. Alisema "basi," nikaacha. Katika maisha yangu sikumbuki kumtii mtu namna ile, hata marehemu baba.

Milima ya Mwalimu Donati, iliyokuwa ikipangwa upande wa huku kwa kukosa daraja, tukaihamishia ng'ambo ya gogo, ili treni iwe na mahali pa kufikia. Jua lilikuwa utosini tulipomaliza. Watu hawakuondoka. Walikuwa wamesahau hata mbuzi.

Fulgensi alikaza ufunguo pale Kilosa, akaiachia. Ikapita ghala langu, ikapita shamba, ikapita soko la Kiberege, mwendo mmoja, haikimbii wala haikoromi. Treni ilipoingia juu ya gogo mlio wake ukabadilika, ukawa mzito, kwa sababu chini yake palikuwa na maji ya kweli. Nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kivuli cha mabehewa kilikuwa kinapita juu ya mtumbwi mdogo. Nguzo ya saba, na treni ikapanda ukingo wa ng'ambo, ikasimama chini ya milima ya Ulanga, springi imekwisha sawasawa. Wanawake walipiga vigelegele. Kelestini, mtu aliyeloweshewa magunia, alimkumbatia kila aliyekuwa karibu. Nami nasema bila kuona haya kwamba machozi yalinitoka, kwa fahari, na kazi ile haikuwa yangu.

Mzee Theodori akainua fimbo, kelele zikapungua. Hakumtazama Hilari. Alitutazama sisi tuliosimama kando ya meza.

"Wenye chama," akasema, "nani amelichonga daraja hili?"

Hilari alikuwa hatua tatu kutoka kwake, na asingeweza kujibu. Apolonia alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga. Fulgensi akanigeukia, kwa maana katibu ndiye mdomo wa chama.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba."

"Amelichonga mkweo, Hilari, kwa gogo moja. Mimi nililikataa mara mbili. Nilisema limepinda, kumbe tuliopinda ni sisi. Leo vipande vyote unavyoviona vimepimwa kutoka kwake."

Niliyasema kwa sauti kubwa, hata watu wa mbuzi wakasikia. Mzee aliinama juu ya gogo. Alimwangalia kiboko, akaangalia mtego wa samaki, akaingiza kidole katika maji, akakitoa.

"Mwambie mkwe wangu," akaniambia, "nimeona."

Nikageuka. "Hilari, baba mkwe wako anasema ameona."

"Nimesikia," Hilari akasema, macho yake bado yako chini. Alikwenda ng'ambo, akaigeuza treni, akakaza ufunguo kwa mkono wake, kwa mara ya kwanza. Akaishikilia kidogo. "Mwambie asimame kando ya reli. Treni inarudi."

Nikamwambia. Na Mzee Theodori, mtu mzima na mvi zake, akashika kanzu yake akapiga hatua moja nyuma, kuipisha.